Vichekesho vya Uingereza: Kalamu Iko Mikononi mwa Nani?

Aprili 1972, kituo cha ITV cha Uingereza kilianza kurusha Love Thy Neighbour, tamthilia ya vichekesho kuhusu Mzungu, mfanyakazi wa kiwandani, anayepata majirani wapya, mume na mke weusi. Miezi michache baadaye Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 wawe wameondoka, na takriban 28,000 kati yao wakaingia Uingereza. Halmashauri ya jiji la Leicester ilifikia hatua ya kulipia tangazo katika gazeti la Uganda Argus, kuwaomba wasielekee huko. Wengi walienda, wakafungua maduka, wakasomesha watoto, na leo huwezi kuieleza Leicester ukawaacha wao. Swali ambalo Love Thy Neighbour ilikuwa inalifanyia mzaha ndilo lililokuwa likiisumbua nchi nzima: mwenyeji ni nani, na mgeni ataacha lini kuwa mgeni?

Swali hilo bado lipo mezani kwa waandishi wa vichekesho na wakuu wa vituo wanaovinunua. Sensa ya 2021 ilionyesha kwamba takriban mtu mmoja kati ya watano au sita katika England na Wales si Mzungu, na kwamba jijini London waliojitaja kuwa Waingereza weupe ni chini ya asilimia 37. Kipindi kinachodai kuonyesha maisha ya jiji kama hilo kwa sura za aina moja kinasema uongo. Lakini kuongeza sura ni kazi ya mchana mmoja tu katika ofisi ya kuteua waigizaji. Jambo zito zaidi ni nani anayeandika, na hadithi imejengwa ndani ya nyumba ya nani.

Tuitazame Love Thy Neighbour kwa haki. Waandishi wake, Vince Powell na Harry Driver, walijitetea kwamba Mzungu ndiye aliyekuwa mjinga, na mara nyingi jirani yake mweusi, Bill Reynolds, ndiye aliyeibuka mshindi. Ni kweli. Lakini ushindi huo ulikuwa na mpaka. Bill aliingia kwenye skrini ili atukanwe, ajibu, kisha arudi zake. Ndoto zake, madeni yake, ugomvi wake na ndugu zake, yote hayo hayakuwa na nafasi, kwa sababu kila tukio lilianzia kwenye chuki ya mwenzake. Ni vigumu mtu kuwa binadamu kamili ikiwa kazi yake yote ni kujibu matusi.

Hata nia njema haikutosha kuziba pengo hilo. Johnny Speight alipombuni mbaguzi Alf Garnett katika Till Death Us Do Part ya BBC, alikusudia kuumbua ubaguzi. Watazamaji wengi walimcheka Garnett kama alivyotaka, lakini wengine walimshangilia kwa kusema waziwazi yale waliyokuwa wakiyasema vyumbani mwao. Powell naye alirudi mwaka 1977 na Mind Your Language, darasa la jioni la Kiingereza mjini London ambamo kila mwanafunzi alibebeshwa taifa zima: Singasinga wa hasira, Mchina wa kitabu chekundu cha Mao. Kipindi hicho kilivuka bahari hadi Kenya, na wapo Wakenya wengi wanaokikumbuka kwa furaha mpaka leo. Nchini mwake kwenyewe, Michael Grade wa kituo cha LWT alikiondoa kwa kuona kinadhalilisha watu.

Kisha mwaka 1989 ikaja Desmond's ya Channel 4, iliyobuniwa na Trix Worrell, mzaliwa wa Saint Lucia. Nyumba ilikuwa duka la kinyozi katika mtaa wa Peckham, kusini mwa London, na mwenye nyumba alikuwa Desmond Ambrose kutoka Guyana, aliyeigizwa na Norman Beaton. Desmond si kinyozi hodari, ana kiburi, anaota kurejea kwao, na anajivunia bendi aliyopiga nayo ujanani. Mwanawe mmoja anafanya kazi benki. Humo kuna pia Matthew, mwanafunzi kutoka Gambia asiyemaliza masomo, ambaye hukosi kumsikia akitoa methali ya Kiafrika, na Wakaribea wakimtazama kwa macho ya kejeli. Utani kati ya Mwafrika na Mkaribea ni jambo ambalo mwandishi wa nje asingelijua, na kama angelijua asingethubutu kuligusa. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Wazungu wanaoingia dukani wanapokelewa kama wateja na marafiki, na hakuna anayelazimika kuwathibitishia kwamba anastahili kuwapo.

Wapo watakaosema kwamba hoja hii inamfunga mwandishi kwenye ngozi yake, na fasihi haiwezi kuishi hivyo. Nakubaliana nao kwa sehemu. Mwandishi ana haki ya kuingia katika maisha ya wengine, ila haki hiyo ina gharama ya kuketi, kusikiliza na kusahihishwa. Tena kuwa mtu wa ndani hakumkingi mtu na lawama. Adil Ray, Mwingereza Mwislamu wa Birmingham, alipoleta Citizen Khan, vichekesho kuhusu familia ya Kiislamu, mwaka 2012, BBC ilipokea mamia ya malalamiko baada ya sehemu ya kwanza. Kilichowaudhi wengi ni tukio la binti aliyejipodoa, ambaye akisikia baba anaingia anajitupia hijabu na kufungua Kurani haraka. Wengine waliona dini imetaniwa. Wengine, Waislamu pia, waliona nyumbani kwao.

Kwangu mimi, chanzo cha kelele zile kilikuwa uhaba. Familia ya Khan ilikuwa peke yake katika saa za usiku za BBC1, kwa hiyo ikatakiwa iwasemee mamilioni. Hakuna anayeidai tamthilia ya familia ya Kizungu iwakilishe Wazungu wote, kwa sababu zipo tele, na ukichukizwa na moja unahamia nyingine. Dawa ya kipindi kinacholaumiwa ni vipindi vingine kumi pembeni yake.

Hapo ndipo utaratibu wa kazi unapobana. Kwa desturi ya Uingereza, msimu wa vichekesho huwa na sehemu sita hivi, zilizoandikwa na mtu mmoja au wawili. Desmond's ilipewa nafasi ya kufikisha sehemu 71, na wahusika wake wakapata muda wa kukosea, kuzeeka na kubadilika. Chewing Gum ya Michaela Coel, iliyomletea tuzo za BAFTA, ilikoma baada ya sehemu 12. We Are Lady Parts ya Nida Manzoor, kuhusu wasichana Waislamu wa London wanaopiga muziki wa panki, nayo ina misimu miwili ya sehemu sita sita. Vipaji vipo. Vinapewa mlango, lakini havipewi muda wa kukaa.

Kwa hiyo wakuu wa vituo wanaotaka kuionyesha Uingereza ya leo waache kuhesabu sura na waanze kuhesabu kalamu na misimu. Waunde vyumba vya waandishi wengi, vijana wajifunze kazi humo wakilipwa. Wanunue hadithi za mahali mahususi: duka la familia iliyotoka Kampala na kuanza upya Leicester mwaka 1972 lina mizaha ya miaka 50 ndani yake, yenye Kigujarati, Kiingereza na Kiswahili cha jikoni. Na wawaruhusu wahusika hao wawe wabahili, waongo, wakaidi na wapenzi wa kusengenya, kama majirani wao Wazungu walivyoruhusiwa siku zote. Anayeonyeshwa bila dosari bado anatendewa kama mgeni. Mwenyeji ni yule anayechekwa kwa makosa yake mwenyewe, kisha wiki ijayo akarudi, na watu wakamngoja.