Breki Haitaki Mafuta

Ndugu msomaji, wewe uteremshaye ndizi kwa baiskeli kutoka Kinole hadi Mkuyuni, sikiliza. Mafuta ni chakula cha mnyororo, lakini kwa breki ni sumu. Yakigusa rimu, raba huteleza, na mteremko wa Uluguru hauna huruma.

Jumamosi jioni, pindua baiskeli magurudumu juu. Osha rimu na raba kwa maji na sabuni, tope na mchanga vitoke. Kausha kwa kitambaa safi. Raba iliyokwisha, badili. Waya ulioanza kukatika nyuzi usiungeunge, nunua mwingine. Kisha isimamishe, bana breki zote mbili, sukuma: magurudumu yakizunguka, usipande. Wanao wanakungoja, na yule mama apandaye na mzigo kichwani ni jirani yako.