Kumwendea Mwenye Mali

Katika mji wetu wa Bunia hapana upungufu wa vijana wenye mikono na akili. Huyu ajua kushona, yule ajua kutengeneza pikipiki, na binti mwingine ameona kwamba samaki wa Kasenyi wakikaushwa vema huweza kuuzwa mbali. Kinachowapungukia ni mtaji. Kwa hiyo wengi hutuuliza: je, yafaa kumwendea tajiri na kumwomba atie fedha yake katika kazi yetu? Twajibu: yafaa, wala si aibu. Lakini ni lazima mtu ajue kwanza anakwenda kuomba nini.

Fedha ya mtu mwingine huingia nyumbani kwa milango mitatu. Wa kwanza ni msaada. Huo haurudishwi, nasi twawashukuru wenye kuutoa; lakini kazi ya kudumu haiwezi kusimama juu yake, kwa maana leo upo na kesho haupo. Wa pili ni deni. Aliyekopa hulipa, kazi ikistawi au isistawi. Wa tatu ni ubia. Hapo mwenye mali hutia fedha yake, mwenye kazi hutia jasho lake, faida hugawanywa kwa kadiri walivyopatana, na hasara nayo huwaangukia wote wawili.

Tutoe mfano. Mume na mke wataka kununua mashini ya kusaga unga ya dola 1,200. Kwa likelemba wamekwisha kuweka akiba ya dola 400, zimepungua 800. Wamehesabu kwamba mashini italeta dola 300 kwa mwezi. Mazutu, pango la nyumba, matengenezo na ujira wao wenyewe vitakula 210. Itabaki faida ya dola 90.

Wakikopa zile 800 kwa mkopeshaji wa mtaani, yule ambaye watu wa Kongo wamemtania kwa jina la « Banque Lambert », naye akadai riba ya 30 kwa mia kila mwezi, riba peke yake itakuwa dola 240. Faida ni 90! Hapo hata mtoto wa shule aona mwisho wake: mashini itauzwa, kisha vitanda, kisha kiwanja. Lakini wakimpata mbia, wakapatana kugawana faida nusu kwa nusu, yeye atapokea 45 na wao 45. Baada ya miezi 18 hivi mbia atakuwa amekwisha kupata kiasi kama kile alichotoa, naye bado ana fungu lake katika mashini. Tajiri hakuonewa, wala maskini hakunyang'anywa.

Sasa wengine watasema: « Tajiri gani atakubali hivyo? » Atakubali yule atakayeona kwamba fedha yake iko mikononi mwa watu wa kweli. Jueni kwamba mwenye mali naye ana hofu zake. Aogopa fedha isije ikaliwa katika matanga na mahari. Aogopa hesabu zisizoandikwa. Tena aogopa kudanganywa. Basi mkimwendea, msianze kwa kumsifu wala kwa kulia shida. Mwonyesheni daftari la miezi sita ya kazi yenu, hata ikiwa ni ndogo: siku, kilichoingia, kilichotoka, dola mbali na faranga mbali. Mwonyesheni na akiba yenu wenyewe, kwa maana asiyetia hata senti yake katika kazi, kwa nini mwenzake atie? Bwana wetu mwenyewe, katika Injili ya Mtakatifu Luka, asema habari za mtu atakaye kujenga mnara, kwamba hana budi kukaa kitako kwanza na kuhesabu gharama, asije akachekwa na wote waonao.

Kisha mwambieni hatari. Hapa ndipo wengi wanapokosa. Hudhani kwamba wakitaja hatari tajiri atakimbia, nao huahidi faida kana kwamba Ituri ni nchi isiyojua misiba. Je, nani asiyekumbuka vita vya 1999 hadi 2003? Nani asiyejua jinsi watu wa Djugu walivyohama makwao tangu Desemba 2017, na jinsi magari yalivyoshambuliwa katika njia ya Bunia kwenda Mahagi? Mwenye mali ayajua hayo kuliko ninyi. Mkinyamaza, atawaona ama wajinga ama waongo. Afadhali mseme mapema: « Baba, mashini ikiporwa, sisi tutapoteza akiba yetu na kazi yetu, nawe utapoteza fedha yako; hatutakuwa na deni kwako. » Akikubali neno hilo, huyo ni mbia kweli. Akikataa, akataka alipwe vyovyote vile, basi anawapa deni lililovikwa nguo ya ubia. Mshukuruni, mwondoke kwa heshima.

Mapatano na yaandikwe, hata kama mwenye mali ni mjomba wenu. Kumbukeni ya wahenga: mali bila daftari hupotea bila habari. Kongo imo katika sheria za OHADA tangu Septemba 2012, na sheria hizo zajua kampuni ambayo kila mshirika hupoteza kile alichotia tu, wala nyumba yake haiguswi kwa sababu ya hasara ya kampuni. Tena Sheria ya Jamaa, iliyotengenezwa upya mwaka 2016, yataka mume na mke wapatane kabla mmoja wao hajajifunga kwa mapatano. Kwa hiyo mama asiitwe siku ya kulipa tu. Aitwe siku ya kutia sahihi. Mara nyingi yeye ndiye ashikaye daftari.

Limebaki neno moja, nalo ni zito. Mwenye mali awachunguza ninyi. Nanyi mchunguzeni yeye. Nchi yetu ina dhahabu, kutoka Kilo hadi Mongbwalu, na wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameandika mara nyingi jinsi dhahabu ya Ituri inavyowalisha wenye bunduki, kisha ikavushwa mpaka kwa siri. Jambo hilo si geni. Katika karne ya kumi na tisa, matajiri wa Unguja waliwakopesha wafanya biashara mali ya kupelekea misafara bara, na mwaka 1887 Stanley alipopita katika msitu wa Ituri alikuta vijiji vilivyoharibiwa na watu wa Manyema waliotafuta pembe na watumwa. Aliyetoa mtaji alikaa mbali, hakuona moto; hata hivyo fedha yake ilikuwapo pale. Basi mtu akiwaletea fedha nyingi, hataki karatasi, hataki jina lake litajwe, wala hajali kama mashini yasaga au haisagi, muulizeni imetoka wapi. Asiyejibu hafai kuwa mbia wa jamaa ya Kikristo. Afadhali kusaga kwa kinu cha mkono mwaka mmoja zaidi kuliko kula unga wenye damu ya jirani.

Na ninyi wazazi, msingojee hata watoto wenu wawe watu wazima ndipo wafundishwe hayo. Mpeni mtoto daftari na kuku wawili, ahesabu mayai na pumba. Akizoea kusema kweli juu ya mayai, siku moja ataweza kuketi mbele ya mwenye mali bila kutetemeka wala kudanganya.