Picha Kali Si Gemu Bora

Wachezaji wengi huamini kwamba gemu ya zamani ya kufyatua risasi hufufuka ikivishwa picha mpya. Doom, iliyotolewa na id Software mwaka 1993, imevishwa kila kitu: kuta zenye kina, mazimwi wa pande tatu, vivuli vinavyocheza. Wanaoshangilia husahau kwamba sura yake ya awali haikutokana na uzembe.

Doom ilichorwa kwa pikseli 320 kwa 200, na rangi 256 tu. Baadhi ya mazimwi walifinyangwa kwa udongo, wakapigwa picha pande zote, kisha wakaguswaguswa pikseli moja moja. Kadiri umbali unavyozidi, ndivyo giza linavyoingia kwa hatua zinazoonekana. Kwa hiyo mchezaji aliye mbioni humtenganisha zimwi Cacodemon mwekundu na mwenzake Imp wa kahawia mara tu anapowatupia jicho, na hapohapo huamua akwepe au apige. Modi, yaani marekebisho ya gemu yanayotengenezwa na mashabiki, inayojaza ukuta nyufa, kutu na mng'ao wa maji humficha zimwi ndani ya mapambo. Tena humuumbua mjenzi wa chumba: ukuta bapa uliochorwa kwa ufundi wote huo huonyesha ubapa wake zaidi.

Hoja inayopendwa ni kwamba watengenezaji wenyewe wangefanya hivyo, laiti mashine zao zingewaruhusu. Mashine ziliwaruhusu. Mwaka 2004 kampuni ileile ilitoa Doom 3, yenye vivuli vya hali ya juu kwa wakati wake, na ikawa gemu nyingine kabisa: ya mwendo wa polepole, ya korido za giza, mazimwi wakitokea wachache wachache. Picha ilipobadilika, mchezo nao ulibadilika.

Si kila marekebisho ni uharibifu. Tangu msimbo wa Doom ulipoachiwa umma mwaka 1997, watu wameondoa kikomo cha fremu 35 kwa sekunde na kukirahisishia kipanya kazi, bila kugusa mchoro. Ila hata usafi huo unataka uangalifu. Picha ya 320 kwa 200 ilivutwa kwenda juu ili ijaze skrini za wakati ule zenye uwiano wa 4:3. Programu isiyozingatia hilo huwafanya mazimwi wawe wafupi na wanene, huku mtumiaji akisifia ukali wa picha.