UCHAMBUZI: Mto ukifurika, mvuvi asivune kesho yake

MASIKA yanapowadia na mito Nzoia, Yala, Nyando na Sondu-Miriu kujaa hadi kingoni, wavuvi wengi wa Ziwa Victoria huamini kuwa neema imewashukia. Samaki huonekana tele milangoni mwa mito. Swali ni je, wamefuata nini pale?

Kwa samaki, maji yanayopanda ni wito. Ningu, fwani na kambare hutoka ziwani na kuupanda mto dhidi ya mkondo, matumbo yakiwa yamejaa mayai. Wanakokwenda ni kwenye nyanda zilizofurika, ambako maji yametulia na nyasi zilizozama huwapa vifaranga maficho na chakula. Mayai ya kambare, kwa mfano, huanguliwa kwa muda wa siku moja au mbili tu. Maji yakipungua, vifaranga hurejea mtoni.

Uvuvi nao hubadilika. Matope huwatatiza samaki wanaotegemea macho, ilhali kambare huendelea kutafuta chakula kwa sharubu zake. Mkondo mkali huwasukuma samaki pembeni, kwenye matete na vijito, na huko ndiko wavuvi huwafuata.

Hapo ndipo penye hatari. Zamani ningu alikuwa tegemeo kuu la uvuvi wa mito hii. Nyavu zilitandazwa milangoni mwa mito, zikawanasa samaki kabla ya kutaga, na kufikia miaka ya 1960 uvuvi huo ulikuwa umeporomoka. Wanaomlaumu sangara pekee wakumbuke kwamba idadi yake iliongezeka mno miaka ya 1980, wakati ningu alikwisha kuadimika.

Isitoshe, kuta za kuzuia mafuriko, kama zile za Budalang'i, huwatenga samaki na nyanda za kuzalia. Hata hivyo, baada ya mafuriko ya 2024 yaliyoua zaidi ya watu 200 nchini, hakuna mwenye utu atakayetaka kuta hizo zibomolewe. Linalowezekana ni kuyanusuru mabwawa yaliyosalia, likiwemo la Yala, yasigeuzwe yote kuwa mashamba.

Sheria ya uvuvi ya 2016 inaruhusu serikali kufunga uvuvi kwa majira, na wavuvi wa omena wanaujua utaratibu huo kwa miaka mingi. Ila tusisahau kuwa masika ni miezi ya njaa. Mazao yangali shambani. Kumwambia mvuvi aanike wavu bila kumwonyesha atakachowalisha wanawe ni kumfunza kuvua usiku. Afadhali milango ya mito ifungwe kwa majuma machache tu ya mafuriko, vikundi vya usimamizi wa fuo vikishirikishwa kuamua, huku uvuvi wa ziwani ukiendelea.

Wahenga walinena kuwa mwenye pupa hadiriki kula tamu. Samaki mmoja mwenye mayai akiachwa apite leo, huenda akarudi ziwani na kizazi kizima.