CD za kabatini: zihamishe kabla hazijanyamaza

Mzazi mwenzangu, fungua lile kabati chini ya televisheni. Zimo CD za kwaya ya usharika, taarab aliyoipenda shangazi, pengine na ile ambayo babu alirekodiwa akisimulia ukoo, kijana wa steshenari akaichoma. Redio yenye sehemu ya CD iliharibika zamani, na watoto hawajui hata zinavyochezwa.

Anza na zilizochomwa. CD ya dukani hupigwa chapa kiwandani, lakini ya kuchoma huandikwa kwa mwanga kwenye tabaka la rangi, na rangi hiyo hufifia, hasa ikikaa kwenye jua na joto. Ya msanii maarufu utaipata kwingine. Ya babu haina nyingine.

Unahitaji kompyuta inayosoma CD. Laptop nyingi mpya hazisomi, ila kuna kifaa cha nje cha kuchomeka kwenye USB. Azima kama huna. Futa CD kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda ukingoni, usizungushe. Na uchunge upande wenye maandishi: tabaka lenye sauti liko chini yake tu, mkwaruzo wa hapo ndio mbaya zaidi.

Wakati wa kuhamisha, chagua FLAC, si MP3. MP3 hupunguza ukubwa kwa kutupa sehemu ya sauti, na kilichotupwa hakirudi. FLAC ni kama kukunja khanga: ukiikunjua ni ile ile. CD ya saa moja ina takriban MB 600. Ikiwa FLAC hushuka hadi 300 au 400 hivi. Simu ikijaa, tengeneza MP3 kutoka kwenye FLAC. Kinyume chake ni kazi bure, ndiyo maana zile CD za mtaani zenye nyimbo 100 na zaidi unazinakili tu zilivyo. Ni MP3 tayari. (Ya harusi huenda ni DVD, hiyo ina njia yake.)

Kwa CD safi, Windows Media Player ya kwenye Windows 10 inatosha: ingia kwenye mipangilio, weka FLAC. Zenye mikwaruzo zipe Exact Audio Copy, programu ya bure. Hii hurudia sehemu yenye shaka tena na tena, mwisho inakupa ripoti ya ilikoshindwa. CD moja mbovu inaweza kula saa nzima au zaidi; iache, wewe endelea kupika. Hulinganisha pia na matokeo ya watu wengine wenye CD hiyo hiyo. Ya babu haitapatikana humo, usishtuke.

Kazi ninayoipenda mimi ni majina. CD ya nyumbani huja na namba tupu, 01, 02, 03. Mkalishe bibi, icheze, mtoto mkubwa aandike: nani anaimba, ilikuwa wapi, mwaka gani. Hayo hayamo kwenye CD, yamo kwa bibi, na programu yoyote haitayapata.

Ukimaliza, weka nakala moja kwenye diski ya nje, nyingine kwa ndugu anayeishi nyumba tofauti. Ukituma kwa WhatsApp, tuma kama waraka ili faili lifike lilivyo. CD zenyewe usizitupe. Zirudishe kwenye makasha yake, zisimame wima, mbali na dirisha.