Nguva wa Rufiji ni wa Katwe pia

Katika karakana za Katwe, jijini Kampala, nyundo na mashine za kuchomelea huanza kelele asubuhi mapema. Mafundi hutengeneza mageti, sigiri, sufuria na mashine za kusaga mahindi. Ukimsimamisha mmoja wao ukamuuliza habari za nguva, huenda akadhani unamtania. Kutoka Kampala hadi Mombasa ni zaidi ya kilomita 1,000 kwa barabara, na Uganda haina hata hatua moja ya ufuko wa bahari.

Hata hivyo, vipuri na mashine nyingi anazotumia fundi huyo zilishushwa melini Mombasa au Dar es Salaam. Isitoshe, Uganda sasa ina mali yake kando ya bahari. Bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 linatoka Hoima na kuishia Chongoleani, mkoani Tanga, ambako meli za mafuta zitatia nanga. Kampuni ya Taifa ya Mafuta ya Uganda ina hisa asilimia 15 katika mradi huo, sawa na zile za shirika la mafuta la Tanzania. Mwenye hisa bandarini hawezi kusema ya baharini hayamhusu.

Na ya baharini yamefika pabaya. Desemba 2022, Muungano wa Kimataifa wa Uhifadhi wa Mazingira Asilia (IUCN) ulitangaza kuwa nguva wa Afrika Mashariki wako katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka. Waliokomaa wamebaki chini ya 250 katika ukanda wote. Waliobaki Tanzania huonekana kwa nadra kati ya Rufiji, Mafia na Kilwa. Kenya ni katika maji ya Lamu na Kiunga. Kundi pekee lenye matumaini ya kudumu liko Bazaruto, Msumbiji. Mwaka 1967, kundi la nguva wapatao 500 liliripotiwa kuonekana pwani ya kusini ya Kenya. Idadi iliyoonekana siku moja wakati ule inazidi ya ukanda mzima leo.

Sababu zinajulikana. Nguva hula nyasi za baharini, ambazo humea kwenye maji ya kina kifupi, na hapo ndipo wavuvi wadogo wanapotega jarife kwa ajili ya papa na samaki wengine wakubwa. Nguva huvuta hewa kama mwanadamu. Akinaswa usiku, hufa maji kabla mvuvi hajarudi alfajiri kukagua nyavu zake. Mama huzaa ndama mmoja tu, kisha huweza kukaa miaka mitatu hadi saba kabla ya kuzaa tena. Kwa mnyama wa namna hiyo, majike wachache wakifa kila mwaka ukoo mzima unaweza kumalizika.

Pomboo wako katika mkumbo huo huo. Kizimkazi, kusini mwa Unguja, wavuvi waliwahi kuwawinda pomboo ili wawe chambo cha papa. Tangu miaka ya 1990 pomboo hao wamekuwa riziki ya kijiji, kwani watalii huja kuwatazama. Lakini jarife bado linawanasa, na pomboo mwenye nundu wa Bahari ya Hindi ameorodheshwa kuwa hatarini kutoweka. Pomboo na nguva hawatambui mpaka wa Vanga wala wa Kiunga. Anayelindwa asubuhi katika nchi moja anaweza kunaswa jioni katika nchi nyingine.

Makubaliano ya kuwalinda yapo. Mkataba wa kimataifa wa wanyama wanaohamahama ulitiwa saini Bonn mwaka 1979. Kenya na Tanzania zilijiunga nao mwaka 1999, Uganda mwaka 2000. Chini ya mkataba huo, mwaka 2007 nchi zilikutana Abu Dhabi na kuafikiana juu ya nguva. Kenya na Tanzania ni miongoni mwa zilizotia saini. Lakini makubaliano ya Abu Dhabi hayamfungi mtu kisheria, na kila serikali inatekeleza kwa kadiri ya bajeti na hamu yake. Uganda haikuhusishwa, kwa hoja kwamba haina nguva.

Hoja hiyo ilikwisha kupatiwa jibu huko magharibi mwa bara. Oktoba 2008, mjini Lomé, Togo, yaliafikiwa makubaliano ya kulinda nguva wa Afrika Magharibi, pomboo na nyangumi wadogo. Nguva wa huko hupanda mito hadi ndani kabisa ya bara, kwa hiyo makubaliano hayo yanazigusa Mali, Niger na Chad, nchi ambazo nazo hazina pwani. Hakuna aliyeziambia zikae pembeni. Ilieleweka kwamba aliye juu ya mto na aliye mdomoni mwake wanalinda mnyama mmoja.

Jambo hilo sasa limeingia ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki yenyewe. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, iliyojiunga mwaka 2022, ina pwani fupi katika Bahari ya Atlantiki, na huko Muanda kuna hifadhi ya mikoko iliyoanzishwa mwaka 1992, makazi ya nguva wa Afrika Magharibi. Somalia ilitia saini mkataba wa kujiunga Desemba 2023, hapo hapo Entebbe, na kuleta pwani ndefu kuliko ya nchi nyingine yoyote ya Jumuiya. Sasa Jumuiya ina bahari mbili na nguva wa aina mbili, lakini haina mpango mmoja wa kuwalinda.

Kuna watakaosema Kampala ina mafuriko, mashimo barabarani na vijana wasio na kazi, hivyo nguva asubiri. Hoja hiyo ina uzito. Lakini Uganda yenyewe ina ushahidi kwamba ushirikiano hulipa. Gorila wa milimani waliwahi kubaki mia chache tu. Uganda, Rwanda na Kongo zilishirikiana kuwahesabu na kuwalinda, hata pale serikali zilipokuwa hazisemezani vizuri. Leo wamepita 1,000, na mwaka 2018 IUCN iliwaondoa katika daraja la hatari kubwa kabisa. Utalii wao unaingiza fedha ambazo serikali haiwezi kuzikosa. Miaka minne baadaye, nguva wa Afrika Mashariki aliingia katika daraja lile lile ambalo gorila alikuwa ametoka.

Ushahidi mwingine uko ziwani. Mtaro wa Nakivubo hupokea maji ya mvua na taka za mitaa ya kati ya Kampala, Katwe ikiwemo, na kuzimwaga katika Ghuba ya Murchison, ambako jiji huteka maji ya kunywa. Kampala inajua gharama ya kudhani kwamba kilichoondoka machoni kimekwisha. Kwa kujua hivyo, Uganda, Kenya na Tanzania ziliunda Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria mwaka 1994, makao makuu yakiwa Jinja. Shirika hilo lina matatizo yake, lakini kuna meza moja ambapo nchi tatu hujadili nyavu haramu na idadi ya samaki. Bahari haina meza kama hiyo ndani ya Jumuiya.

Baraza la Mawaziri la Jumuiya liiweke, na Uganda, yenye hisa pwani lakini isiyo na mgogoro wa mpaka wa baharini na nchi yoyote, ndiyo inayofaa kuwasilisha hoja. Mambo matatu yanatosha kuanzia. Kwanza, daftari moja la nguva na pomboo wanaonaswa, toka Muanda hadi Mogadishu hadi Mtwara. Pili, mvuvi anayetoa taarifa au kumkatia mnyama wavu apewe wavu mpya badala ya kufunguliwa kesi. Bila hivyo ataficha mzoga, na daftari litabaki tupu. Tatu, wenye hisa wa bomba wadai uchunguzi wa kudumu wa wanyama wa baharini karibu na Chongoleani, na matokeo yatangazwe kwa Kiswahili ili mvuvi wa Tanga na fundi wa Katwe wayasome.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa nguva hakutakuwa na ukuta wa kujenga tena. Wakimalizika hawa wasiofika 250, hakuna bandari itakayowaleta wengine.