Ngoma Tamu, Mtoto Yuko Wapi?

Mpenzi msomaji, umewahi kutazama Kanivali ya Mombasa? Mimi mara yangu ya kwanza, Novemba moja, nilisimama Moi Avenue karibu na Mapembe ya Ndovu, nimemshika mkono mpwa wangu wa miaka sita. Malori yaliyopambwa yakapita, ngoma za Wamijikenda zikafuata, nami nikapiga makofi. Kugeuka, mtoto hayupo!

Nilimtafuta nusu saa, jasho likinitoka. Kumbe alikuwa kwa mama muuza viazi karai, anakula.

"Nilimwambia asibanduke, mwenyewe utakuja," mama akasema.

Ukienda, kwanza onyeshaneni mahali pa kukutania mkipoteana. Dada yangu hakujua kisa hiki. Leo atakisoma hapa, niombeeni.